Kijana Shuleni: Mgeni au Mwenyeji?

Somo: Danieli 1:1–21



Kila mwaka, ufikapo mwezi wa Januari, watoto wa sharika zetu walioshinda mtihani wa darasa la saba hufunga mizigo yao na kwenda sekondari. Wengi wao wana miaka 13 au 14. Shule huwapelekea wazazi waraka wa vitu vinavyotakiwa, navyo vyajulikana: godoro, ndoo, jembe, fagio, sare, rimu ya karatasi. Mzazi huuza mbuzi au gunia la mahindi apate kuvitimiza vyote. Siku ya kuondoka twawaombea watoto mbele ya madhabahu, nao huenda zao. Ni vema. Lakini liko jambo moja lisiloandikwa katika waraka ule, wala haliuzwi dukani, nalo ndilo tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi leo: huko aendako mtoto, je, atapokelewa? Atakuwa mwenyeji miongoni mwa wenzake, au atakaa miaka minne kama mgeni ambaye hakuna aliyemwalika?

Kuandikwa jina katika daftari la mahudhurio si sawa na kujulikana jina. Tangu Januari 2016 Serikali ya Tanzania imeondoa ada katika shule zake, toka kidato cha kwanza hata cha nne, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili ya hao wengi waliofunguliwa mlango. Walakini mlango ni mlango tu. Mtu aliyeingia nyumbani asipoonyeshwa pa kuketi, husimama karibu na mlango, na mkono wake hauachi kitasa.

Sasa tukifungue kitabu cha Danieli. Tumezoea kuisoma sura ya kwanza kama habari ya chakula, ya mboga na maji na nyama za mfalme. Na wahubiri wengi huishia hapo. Leo twaomba muisome kama habari ya shule, kwa maana ndivyo ilivyo. Mfalme wa Babeli aliagiza wachaguliwe vijana wa Yuda, wenye akili na wepesi wa kujifunza, wapelekwe mbali na kwao, wafundishwe maandiko na lugha ya Wakaldayo muda wa miaka mitatu, kisha wasimame mbele yake. Chakula chao kilitoka jikoni mwa mfalme. Mtu angesema, Hao wana bahati! Lakini tazameni walichonyang'anywa. Nchi yao walinyang'anywa, na lugha yao haikufaa kitu darasani. Hata majina yao waliyopewa na mama zao, majina yenye jina la Mungu ndani yake, yaliondolewa. Danieli akaitwa Belteshaza. Hanania, Mishaeli na Azaria wakaitwa Shadraka, Meshaki na Abednego. Kijana asubuhi huitwa kwa jina asilolijua, naye yampasa kuitika.

Tena hawakuwa hao wanne tu. Andiko lasema kwamba hao wanne walikuwa miongoni mwa wana wa Yuda waliochukuliwa. Basi wengine walikuwapo. Habari za wengine hazikuandikwa.

Tukiuliza, Kwa nini Danieli hakuvunjika moyo? twajibu upesi, Kwa sababu alikuwa na imani. Ni kweli, wala hatuliondoi jibu hili. Lakini Maandiko hayakunyamaza juu ya njia ambazo Mungu alizitumia kumtegemeza, nazo ni mbili, tena zote mbili ni watu.

Njia ya kwanza ni mtu mzima mmoja. Katika mstari wa tisa twasoma kwamba Mungu alimpa Danieli kibali na huruma mbele ya mkuu wa matowashi, aliyeitwa Ashpenazi. Mtu huyo alikuwa mpagani, mtumishi wa mfalme mkali. Tena alikuwa na hofu, akanena waziwazi kwamba kichwa chake kitakuwa hatarini vijana hao wakionekana kukonda. Hata hivyo alimsikiliza kijana akisema haja yake, wala hakumfukuza wala hakumpiga kwa kusema. Na msimamizi aliyewekwa juu yao akakubali kuwajaribu siku kumi. Mambo haya ni madogo sana: mkubwa alisikia, na mwingine akajaribu. Mungu alikuwa na uwezo wa kumtia Danieli nguvu pasipo Ashpenazi, kama vile alivyoweza kumlisha Eliya pasipo mjane wa Sarepta. Lakini alipenda kumlinda kijana kwa moyo wa mtu mzima aliyemwangalia kwa wema.

Njia ya pili ni wenzake. Katika sura ya pili, amri ilipotoka kwamba wenye hekima wote wa Babeli wauawe, Danieli alikwenda nyumbani kwake, akawaarifu Hanania, Mishaeli na Azaria, ili waombe pamoja. Na angalieni: yeye ni Belteshaza huko jumbani, lakini hapo nyumbani wenzake wanatajwa kwa majina yao ya kwao. Alikuwa na mahali pa kulisema neno lile la kutisha, na masikio matatu yaliyomjua. Hata alipokwezwa, hakuwasahau, akawaombea kazi kwa mfalme.

Wataalamu wa mambo ya nafsi nao wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, nasi twataja machache tu. Mwaka 1993 Carol Goodenow wa Marekani alitoa maswali 18 ya kuwauliza wanafunzi, apate kujua kama wanajiona kuwa watu wa shule yao au wageni ndani yake. Hakuuliza alama za mtihani. Aliuliza kama watu wa pale huona mtoto afanyapo jambo vizuri, kama yuko walau mwalimu mmoja au mtu mzima mwingine awezaye kuambiwa shida, kama wenzake wampenda jinsi alivyo. Haya ni maswali ambayo mzazi asiyekwenda shule kabisa aweza kuyauliza jioni penye moto. Kisha mwaka 1997 Michael Resnick na wenzake walitangaza matokeo ya kuwahoji vijana zaidi ya 12,000 wa Marekani. Waliona kwamba vijana walioshikamana na wazazi wao, na waliojiona kuwa wameshikamana na shule yao, walikuwa na huzuni chache zaidi, na mawazo ya kujiua machache zaidi, na ugomvi na ulevi uliopungua kuliko wenzao.

Msomaji mwangalifu atauliza, Je, kutopokelewa ndiko kunakoleta huzuni, au mwenye huzuni hujitenga mwenyewe? Swali ni zuri, na hesabu za namna hii peke yake haziwezi kulimaliza. Sisi twadhani mambo hayo mawili huzunguka kama gurudumu: aliyeachwa peke yake huhuzunika, na mwenye huzuni hukimbiwa na watu. Kwa hiyo yafaa mtu aingize mkono wake mapema, kabla gurudumu halijashika mwendo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kati ya vijana saba wenye umri wa miaka 10 hata 19, mmoja ana ugonjwa wa nafsi. Mwalimu wa Kipaimara mwenye watoto 28, kwa hesabu hiyo, anao wanne mbele yake.

Lakini turudi kwetu. Shule nyingi za msingi za Serikali nchini Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono darasani, aliyesoma somo kanisani kwa sauti kuu siku ya Mikaeli na Watoto, sasa hunyamaza. Si kwamba akili yake imepungua. Anajua jibu, lakini hana maneno yake, naye anaogopa kuchekwa. Miezi michache ikipita wengine humwita mzito, na yeye mwenyewe huanza kusadiki. Hapo twakumbuka lugha ya Wakaldayo!

Bwenini nako kuna desturi zake. Wa kidato cha kwanza huitwa njuka. Wakubwa humfulisha nguo zao, hula sukari yake, humwamsha usiku aimbe au acheze ili wacheke. Na mtoto wa shule ya kata, ambaye nyumbani kwao ni mbali, hupangiwa chumba karibu na shule, kile wakiitacho geto. Hupika mwenyewe, hulala mwenyewe, wala jioni hakuna amngojaye. Akikosa shule siku tatu, je, nani atajua?

Mtoto wa namna hii hasemi, Nimekataliwa. Husema tumbo linauma, hasa Jumapili jioni na siku ya kufungua shule. Huacha kula bwaloni, kwa kuwa kula peke yake mbele ya watu mia tatu ni aibu kuliko njaa. Au huwa mkali ghafula kwa wadogo zake. Au hupata marafiki wapya ambao mzazi hawapendi; maana kundi baya lina wema mmoja, hupokea upesi wala haliulizi viatu vyako vilinunuliwa wapi. Twawasihi wainjilisti wasiwe wepesi kuyaita mambo haya uvivu, wala kukimbilia kusema ni pepo. Kwanza waulize: wala pamoja na nani? Ukiumwa, nani atajua wa kwanza? Na mtoto akisema kwamba hapendi kuishi tena, asiambiwe kwamba amekosa imani, wala asiachwe peke yake siku ile. Wazazi waambiwe, naye apelekwe kwa mganga hospitalini, kama vile angepelekwa akiwa na homa kali.

Wako wazee wasemao, Sisi tuliteswa shuleni, nasi tumekuwa watu, shida hukomaza. Neno hili lina heshima kwa sababu ya umri wa walisemao, lakini twapenda kulipima kwa maisha ya mtu mmoja ambaye wasomaji wetu wote wamjua.

Martin Luther alizaliwa mwaka 1483, akasoma shule ya kwanza mjini Mansfeld. Uzeeni alisimulia kwamba asubuhi moja alipigwa mara kumi na tano kwa kutojua sarufi ya Kilatini ambayo hakuwa amefundishwa. Katika shule za Kilatini za Ujerumani siku hizo alikuwako mwanafunzi aliyewekwa kwa siri aandike majina ya wenzake wasemao Kijerumani, lugha ya mama yao, aliitwa Mbwa-mwitu. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana, maana amekijua kibao kinachotundikwa shingoni mwa asemaye Kiswahili au lugha ya kwao, naye hutafuta mwenzake wa kumpasia kabla jua halijachwa. Basi, shida ile ilimkomaza Luther? Mwaka 1524 aliwaandikia wakuu wa miji yote ya Ujerumani kwamba waanzishe shule, na katika waraka huo alizifananisha shule za utoto wake na jehanamu, mahali pa viboko vingi na maarifa machache. Miaka ishirini na saba ilikuwa imepita tangu alipotoka Mansfeld, wala hakuisifu fimbo.

Lakini mwaka 1498, akiwa na miaka 14, alifika Eisenach. Hata hapo alikuwa maskini. Alizunguka na wenzake wakiimba milangoni mwa watu wapate mkate, na mwaka 1530, katika maneno yake ya kuwahimiza wazazi wapeleke watoto shuleni, hakuona haya kusema hivyo, akauita Eisenach mji wake mpendwa. Kwa nini mji wa kuombaomba uwe mpendwa? Kwa sababu huko alipokelewa. Jamaa wa Schalbe na Cotta walimkaribisha nyumbani kwao na mezani pao. Husimuliwa pia kwamba mwalimu wake, Trebonius, alikuwa akivua kofia aingiapo darasani kwa kuwaheshimu wanafunzi. Kama ni kweli au ni hadithi, kwamba ilisimuliwa yatosha kuonyesha watu waliikumbuka shule ile kwa namna gani. Na kasisi mmoja wa hapo, Johannes Braun, aliwakusanya vijana kwake kwa mazungumzo na nyimbo. Luther akatoka Eisenach mwaka 1501 kwenda Erfurt. Miaka sita baadaye, alipokuwa tayari kuadhimisha misa yake ya kwanza, alimwandikia Braun barua, akimwomba aje. Braun alikuwa amemfungulia kijana wa shule mlango wa nyumba yake jioni, basi.

Kwa hiyo hatukubali kwamba mateso ndiyo yaliyowakomaza wazee wetu. Twadhani kila mzee aliyepita salama, akikumbuka vema, atamkuta nyuma yake mama mpishi aliyemwekea ukoko, au mwalimu aliyemwita kwa jina, au mwenzake wa kitanda cha juu.

Tumeliacha jambo moja zito kwa makusudi, tulinene peke yake. Mwezi wa Novemba 2021 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba binti aliyeacha shule kwa kupata mimba aweza kurudi darasani baada ya kujifungua. Kabla ya hapo mlango wa shule ya Serikali ulikuwa umefungwa kwake. Sasa binti huyu arudi, akiwa na miaka 16 au 17, na wa darasa lake wamekwisha kupita mbele. Anaketi na wadogo. Maziwa yanamjaa kifuani saa ya hesabu, naye hawezi kumwambia mtu. Sheria imemrudishia dawati. Haiwezi kumrudishia mwenzake wa dawati.

Jumapili anakuja kanisani. Na hapa, ndugu zetu, twanena kwa upole lakini hatuwezi kunyamaza. Katika sharika nyingi binti huyu ametengwa. Haji Mezani pa Bwana mpaka atubu mbele ya watu, na kwaya imemfuta. Hatupingi maonyo ya Kanisa, maana Bwana mwenyewe ameyaagiza katika Mathayo 18. Lakini sura ile ile yaanza kwa mtoto mdogo aliyesimamishwa katikati yao, na kwa onyo la kutisha juu ya awakwazaye wadogo, kisha yafuata habari ya kondoo mmoja aliyepotea, ndipo maonyo. Maonyo yasiyomtafuta kondoo yamesahau mahali pake katika sura. Tena yuko wapi kijana mume? Mara nyingi yu kwayani, akiimba sauti ya tatu. Binti aliyefungwa midomo shuleni kwa aibu, akaja kanisani akafungwa tena, ataketi wapi? Twawaomba wazee wa kanisa wamweke mama mmoja, mwenye moyo na asiye na maneno mengi, amsindikize binti huyu: amlelee mtoto saa za masomo ikiwezekana, aketi naye ubao mmoja ibadani, amwulize habari za mtihani kama wengine wanavyoulizwa.

Kuna mengine yaliyo mepesi zaidi. Gregory Walton na Geoffrey Cohen walitangaza mwaka 2011 jaribio walilolifanya katika chuo kikuu cha Marekani. Wanafunzi wapya walipewa kusoma maneno ya waliowatangulia, kwamba wengi mwanzoni hujiona kuwa si wa pale, na kwamba hali hiyo hupita. Kazi yote ilikuwa ya saa moja tu. Wanafunzi weusi walioshiriki waliendelea kupata alama bora zaidi kwa miaka mitatu, na afya yao ikawa njema zaidi. Je, sisi hatuna wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanaorudi likizo ya Desemba? Wasimamishwe mbele ya hao waendao Januari, waseme ukweli: Nami nililia juma la kwanza, nami sikuelewa neno hata moja la mwalimu wa fizikia, ilipofika Pasaka nilikuwa na rafiki wawili. Neno hili likitoka kinywani mwa mchungaji halina nguvu hiyo.

Ninyi wa UKWATA mlioko mashuleni, mkutano wenu wa jioni waweza kuwa nyumba ya Danieli na wenzake. Waweza pia kuwa ua wenye wateule ndani na wengine nje. Angalieni nani husimama dirishani akisikiliza wimbo. Na mkubwa wa bweni aliye Mkristo, akiona njuka anaamshwa usiku, imempasa kuinuka kitandani.

Na kwenu ninyi wachungaji na wainjilisti wa sharika zilizo jirani na shule: msingoje orodha kutoka kwa mkuu wa shule. Nendeni Jumapili ya kwanza, mwulize nani ametoka mbali, mwapangie watoto hao nyumba za washarika, wawili wawili, wale chakula cha mchana walau mara moja kwa mwezi. Ugali na mchicha vyatosha.

Ninyi mnaowatuma, ongezeni kitu kimoja katika waraka ule wa godoro na ndoo: barua kwa mchungaji wa mahali mtoto aendako. Isiwe cheti cha ubatizo tu chenye namba na muhuri. Andikeni jina analoitwa nyumbani, jina la shule na kidato, sauti aimbayo kwayani, ugonjwa kama anao, na jambo moja analolipenda, kama ni mpira au kushona au kusoma. Mzazi aweza kuisema, na mwinjilisti akaiandika. Yafaa ifike kabla ya mtoto.